Puto na kichwa cha nyuklia huanguka kwa mwendo mmoja

Ndugu Mhariri,

Tangu Oktoba 2023 magazeti yetu ya Kiswahili, lenu likiwemo, yameandika mara nyingi kwamba kombora fulani "limedunguliwa angani". Neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Roketi iliyotoka Gaza ikaruka kilomita 20, kombora la Iran linalopanda zaidi ya kilomita 300 kwenda juu, na kombora la Korea Kaskazini linaloweza kuvuka kilomita 1,000 kabla ya kuanza kushuka, yote huandikwa kwa sentensi moja, na aghalabu chini ya picha moja ya Iron Dome, mfumo wa Israeli wa kudungua roketi. Iron Dome ilitengenezwa kwa ajili ya roketi na mizinga inayotoka kilomita 4 hadi 70. Kombora la balestiki la kutoka Iran si kazi yake. Msomaji akishazoea picha hiyo, siku anayosikia Rais Donald Trump akitangaza Golden Dome, mpango wa kuikinga Marekani na makombora, kama alivyofanya Mei 20, 2025 kwa makadirio ya dola bilioni 175, anadhani ni kuba lile lile limekuzwa likafunika Marekani nzima. Naomba nafasi nieleze kinachofanyika hasa kule juu, na mahali ambapo kazi yenyewe hukwama.

Mpaka unaotumiwa na wengi kati ya angahewa na anga za juu ni kilomita 100. Kombora la balestiki huchoma fueli yake kwa muda mfupi tu: dakika tatu hadi tano kwa lile la kuvuka mabara, dakika mbili hivi kwa la masafa ya kati. Injini ikizimika, kichwa, yaani sehemu yenye silaha, kinajitenga na tangi, na kuanzia hapo ni jiwe lililorushwa, linafuata mkondo wake mpaka chini. Safari ya kilomita 10,000 huchukua takriban dakika 30, na kama 20 kati ya hizo ni nje ya hewa. Kutoka magharibi mwa Iran hadi Israeli ni dakika 12 hivi. Kwa kuwa hakuna upepo wala msuguano kule juu, kompyuta inaweza kukokotoa kombora litakuwa wapi dakika tano zijazo. Hiyo ndiyo faida inayowavuta wahandisi kulifuata huko: pana muda, na njia inatabirika.

Mlolongo wa kazi ni huu. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta inaona joto la moto wa injini na kutoa tahadhari. Moto ukizimika, setilaiti hiyo haina tena cha kuona, kwa hiyo rada inapokea zamu. Zinazotegemewa zaidi kwa kupambanua ni za mawimbi mafupi ya sentimita 3 hivi, kama ile ya Marekani iliyowekwa jangwa la Negev mwaka 2008 na nyingine iliyoko Kürecik, Uturuki. Kompyuta inachagua sehemu ya kukutania, roketi ya kudungulia inarushwa kuelekea huko, na ikiwa safarini inaendelea kupokea masahihisho kwa redio. Ikishavuka hewa, inaachia mzigo wake: kifaa kidogo chenye jicho la kuona joto na vijiroketi vya pembeni. Hicho nitakiita kigonga, maana kugonga ndiyo kazi yake yote.

Kigonga cha mfumo wa Marekani ulioko Fort Greely, Alaska, na Vandenberg, California, kina uzito wa kilo 64 hivi, yaani mfuko mmoja wa saruji na robo, na urefu wa mita 1.4. Hakina baruti. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini hesabu ni rahisi. Vitu viwili vikikutana kwa mwendo wa kilomita 10 kwa sekunde, kila kilo moja ya chuma inabeba nishati ya megajuli 50, ilhali kilo moja ya TNT inatoa megajuli 4 na ushei. Kuongeza baruti hapo ni kuongeza uzito bure.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 Marekani ilitegemea kombora la Spartan, lililokuwa na kichwa cha nyuklia cha megatani 5, kwa sababu rada na kompyuta za wakati ule zisingeweza kulileta karibu vya kutosha. Tatizo lake lilikuwa limekwisha kuonekana Julai 9, 1962: jaribio la Starfish Prime, megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400, lilizima baadhi ya taa za barabarani Honolulu, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo. Ulinzi unaoua umeme wako mwenyewe na kupofusha rada zako mwenyewe haukwenda mbali. Kituo cha makombora hayo huko North Dakota kilikamilika mwaka 1975 na mwaka uliofuata kikawa kimefungwa. Kugonga kwa chuma kitupu kulifanikiwa kwa mara ya kwanza Juni 10, 1984, juu ya Pasifiki, na kifaa kile kilikuwa na mbavu za chuma zilizofunguka kama za mwavuli ili kiwe kipana na kisipishane na shabaha. Vya leo havina mwavuli. Vinatakiwa kugonga kwa mwili.

Watu husema ni sawa na risasi kugonga risasi. Mfano huo unapoteza jambo la msingi, kwa sababu kigonga kinajirekebisha mpaka mwisho. Tuchukue kwamba kiko kilomita 300 kutoka kwenye shabaha, mwendo wa kukutana ni kilomita 10 kwa sekunde, na mkondo wake umekosea pembeni kwa mita 300. Zimebaki sekunde 30. Kikisukumwa pembeni kwa mita 10 kwa sekunde, kitafika. Lakini kikichelewa kujua kosa hilo hadi zibaki sekunde 3, kinahitaji mita 100 kwa sekunde, mara kumi ya ule msukumo wa kwanza, na fueli ya vijiroketi imepimwa kwa gramu. Kwa hiyo jicho lione mapema, na liamue mapema ni kitu gani linachokifuata. Hitilafu nyingi zinaishia kwenye sekunde hizo.

Lile jicho lenyewe ni chombo cha kudekezwa. Kichwa cha kombora kikiwa na joto la kawaida la kama nyuzi 27 za Selsiasi, hutoa miale ya joto iliyo kali zaidi kwenye urefu wa mikromita 10 hivi. Miale hiyo hutolewa pia na kioo, na fremu, na waya za kigonga chenyewe. Bila kupoozwa kwa baridi kali, jicho hilo ni kama mtu anayemtafuta kimulimuli huku ameshika karabai mbele ya macho yake. Januari 18, 2000, katika jaribio la pili la kugonga, lililopewa uzito mkubwa na wanasiasa wa Washington, mrija wa kupoozea uliziba, jicho likapofuka zikiwa zimebaki sekunde chache, na kigonga kikapita pembeni.

Orodha ya hitilafu za mfumo huo inafundisha kuliko orodha ya mafanikio yake. Julai 2000 kigonga hakikuachana na roketi yake, na puto lililotakiwa kuwa chambo, yaani shabaha bandia ya kukidanganya kigonga, halikujaa. Februari 2005 roketi haikutoka hata kwenye shimo lake, kwa sababu mkono wa chuma unaoishikilia haukurudi nyuma sawasawa. Desemba 15, 2010 kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mwisho, kigonga kikakosa. Uchunguzi ulikifikia kifaa cha kupimia mwendo: vijiroketi vilikuwa vinatetemeka kwa kasi vikiwaka, mtetemo ukaingia kwenye kifaa hicho, na kompyuta ikaamini kwamba kigonga kiko mahali ambapo hakikuwepo. Dawa yake ilikuwa kukiweka kifaa kwenye kitanda cha kunyonya mtetemo, na kazi ya kuthibitisha dawa hiyo haikukamilika hadi Juni 22, 2014. Miaka mitatu na nusu kwa ajili ya mtetemo. Katikati hapo, Julai 2013, kigonga cha toleo la zamani kikashindwa tena kutengana na roketi, na safari hii tatizo lilitoka kwenye betri.

Mrija, mkono wa shimo, mtetemo, betri. Angalieni kwamba katika matukio hayo manne adui hajafanya lolote. Shabaha ilirushwa na upande ule ule unaojilinda, saa inajulikana, mkondo unajulikana. Hata hivyo, katika historia yote ya mfumo huo, majaribio ya kugonga yaliyofanikiwa ni zaidi kidogo ya nusu. Sisemi haya kuwadharau wahandisi wale. Kugonga kitu kwa mwendo huo ni kazi ya ustadi mkubwa, na wameifanya. Nasema kwa sababu ugumu wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, haumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya mwezi, vikatua kwa pamoja. Pasipo hewa, uzito hautofautishi kitu na kitu. Sasa fikirieni puto la plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kama yale yanayong'aa yanayouzwa kwa ajili ya sherehe za kuzaliwa. Likiachiwa pamoja na kichwa cha kombora nje ya angahewa, litakwenda nacho sambamba, mwendo ule ule, mkondo ule ule, kwa dakika zote 20. Aliyetengeneza kombora anaweza kuachia mengi, na akikitia kichwa chenyewe ndani ya puto mojawapo, rada inaona maputo tu. Mawimbi ya rada hayapenyi alumini. Jicho la joto nalo linaweza kuchanganywa: kihita kidogo chenye betri ndani ya kila puto, au rangi tofauti kwa kila moja ili jua liyapashe kwa viwango tofauti, na kichwa halisi kinakuwa kimoja tu kati ya vitu vyenye joto la aina kumi. Kuna pia vijiwaya vya kutawanya. Kwa rada ya sentimita 3, kijiwaya kinachorudisha mwangwi vizuri ni cha nusu ya urefu huo, sentimita moja na nusu, na kilo chache za nyuzi nyembamba hivyo zinatoa mamilioni. Juu ya hayo yote kuna uchafu ambao hakuna aliyeupanga: tangi tupu, boliti za kutenganishia, vipande vya fueli kavu vinavyoendelea kufuka moshi.

Rada nzuri inajaribu kupambanua kwa mtikisiko. Kitu kizito kinachozunguka kwa utulivu hakiyumbi kama puto, na ikiwa na upana wa mawimbi wa gigahezi moja, rada inaweza kutenganisha ncha na ncha kwa sentimita 15 hivi. Lakini aliyetengeneza chambo anajua hilo pia, na anaweza kukiyumbisha kichwa chake makusudi. Uingereza ilifika mbali kwenye njia hiyo: mradi wa Chevaline, ulioanza kazi mwaka 1982, uliondoa kichwa kimoja kati ya vitatu kwenye kila kombora la Polaris ili kupata nafasi ya chambo, kwa lengo la kuupita ulinzi wa Moscow. Nchi iliyokubali kupunguza theluthi ya silaha zake ili ibebe maputo ilijua inachokifanya.

Hewa ndiyo inayoumbua uongo huo. Vikishuka pamoja chini ya kilomita 100, puto hubaki nyuma au huungua, kichwa kinaendelea. Ila kwa kombora la kuvuka mabara hapo imebaki chini ya dakika moja, na kigonga cha anga za juu hakiwezi tena kufanya kazi, maana msuguano wa hewa unapasha kioo cha jicho lake na kulipofusha. Ndiyo sababu nchi inayojipanga vizuri haiwi na mfumo mmoja. Israeli ina Arrow 3 kwa nje ya hewa na Arrow 2 nyuma yake. THAAD ya Marekani inafanya kazi kuanzia kilomita 40 hadi 150, yaani inavuka mpaka kwa pande zote mbili. Patriot inabaki chini. Na kombora la masafa mafupi, la kilomita 300, halifiki hata nje ya angahewa. Mkondo wake hupanda kilomita 75 hivi. Kwa hilo Arrow 3 haina msaada wowote, hata kama ni mpya na imeng'aa.

Hapa ndipo asilimia zinapopotosha. Mkiandika "asilimia 90 yamedunguliwa", msomaji anahitaji kujua ni asilimia 90 ya nini. Mara nyingi hesabu hiyo haiyahusu yale yaliyoachwa makusudi kwa kuwa yalielekea jangwani au baharini. Pia haisemi yamerushwa mangapi kudungua moja. Tuseme kigonga kimoja kina nafasi 6 kati ya 10. Vikirushwa vinne kwa shabaha moja, nafasi ya vyote kukosa ni 0.4 × 0.4 × 0.4 × 0.4, yaani asilimia 2.6 tu, na mtu anaandika "asilimia 97". Hesabu hiyo ni sahihi endapo kila kimoja kinakosa kwa sababu yake. Vyote vinne vikidanganywa na puto lile lile, au vyote vina kile kifaa kinachotetemeka, vinakosa pamoja. Vilevile, ukitumia vinne kwa kila shabaha, makombora 44 yaliyoko Alaska na California yanatosha shabaha 11.

Vita vya siku 12 kati ya Israeli na Iran, Juni 2025, viliweka jambo hili wazi kwa namna ambayo majaribio hayakuweza. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba zaidi ya makombora 100 ya THAAD yalitumika kuilinda Israeli. Hayo hayatengenezwi kwa mamia kila mwezi. SM-3, roketi ya kudungulia inayorushwa hasa kutoka melini, ya toleo la karibuni, ambayo Marekani na Japani waliiunda kwa pamoja na ambayo Novemba 2020 iligonga shabaha ya aina ya kuvuka mabara, inazidi dola milioni 25 kwa moja. Ghala linaisha kabla ya nia.

Kwa ndugu zetu walioko Doha, Dubai, Abu Dhabi na Muscat, kuna la kujua kwa vitendo. Kinachogongwa kwenye anga za juu hakisikiki, kwa kuwa hakuna hewa ya kubeba sauti. Usiku unaweza kuona mmweko na duara la mwanga linalopanuka taratibu. Ukisikia mshindo mkubwa, kama ule wa Juni 23, 2025 wakati Iran ilipoilenga kambi ya Marekani ya Al Udeid nchini Qatar, jambo hilo liko chini, ndani ya hewa, na vipande vyake vitaanguka karibu. Kaa ndani, mbali na vioo, dakika kadhaa baada ya mshindo wa mwisho. Tangi lililoanguka lisiguswe wala kupigwa picha kwa karibu: baadhi ya makombora ya Iran hutumia fueli ya kimiminika pamoja na asidi ya nitriki, na mvuke wa asidi hiyo ukiwa na rangi ya kahawia nyekundu unaharibu mapafu. Mwezi Aprili 2024 tangi zima la kombora liliokotwa kwenye Bahari ya Chumvi. Vitu hivyo havipotei kwa kuwa habari imesema "limedunguliwa".

Nirudi kwenye Golden Dome. Sehemu yake mpya zaidi ni kuweka vigonga kwenye mzingo wa dunia ili vilipige kombora likiwa bado linachoma fueli, kabla halijaachia maputo. Wazo ni zuri kwa sababu linakwepa tatizo nililolieleza. Linaingia kwenye lingine. Chombo kilicho kilomita 500 juu hakiwezi kusimama mahali pamoja. Kinakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde na kuizunguka dunia kwa dakika 95 hivi. Kile kilicho juu ya Mombasa wakati kombora linawaka Korea Kaskazini hakina faida yoyote, na dakika tatu hazitoshi kukifikisha. Ili kimoja kiwe karibu kila wakati, inabidi mamia yawe mbali. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria Mei 2025 kwamba mtandao wa namna hiyo, wa kukabili kombora moja au mawili tu ya Korea Kaskazini, ungegharimu kati ya dola bilioni 161 na 542 kwa miaka 20. Na kwa kuwa vyombo vilivyo chini hivyo husuguliwa na mabaki ya hewa, vinashuka na kuungua, lazima vibadilishwe kila baada ya miaka michache.

Ombi langu kwa dawati lenu la habari za kimataifa ni dogo. Habari ya kudunguliwa ikija, iandikwe ni kwa mfumo gani na kwenye kimo gani, ndani au nje ya angahewa. Ikiwa ni jaribio, iulizwe kama shabaha ilikuwa na chambo, na kama saa ya kurushwa ilijulikana. Ikiwa ni vita, iulizwe yamerushwa mangapi kwa kila moja. Mashirika makubwa ya habari hayatoi hayo kwenye aya ya kwanza, lakini mara nyingi yamo kwenye aya ya nane, ile inayokatwa ili habari itoshee ukurasa. Na ile picha ya mistari ya moto juu ya Ashkelon ibaki kwenye habari za roketi za Gaza.

Msomaji wenu,
Tanga